Krismasi ya Kwanza Bila Dada

Watu wa mtaa ule walimwita Fundi, basi. Mafundi wengine walitajwa kwa kazi zao, fundi viatu, fundi saa, fundi bomba, lakini ukisema "nampelekea Fundi" kila mtu alijua unapeleka kochi, na unampelekea yule mwanamke mfupi mwenye mikono minene katika nyumba ya ghorofa moja iliyo pembeni. Kochi lilifika kwake matumbo nje, springi zikichungulia, na liliondoka limejaa na kunyooka kama bwana harusi. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, na baba alipofariki alirithi nyundo, mikasi, meza ndefu na ile karakana ya chini. Juu ya karakana, ukipanda ngazi za mbao zilizolalamika kila ulipozikanyaga, palikuwa na vyumba viwili vya kulala, sebule na jiko. Huko ndiko alikoishi na dada yake.

Dada alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, na alimtangulia kuzaliwa kwa miaka minne. Hakuna aliyeolewa kati yao. Mmoja posa hazikumjia, mwingine zilimjia akazikataa, na hata wao wenyewe walibishana kwa utani kwamba nani ni yupi. Tangu wazazi walipoondoka duniani waliishi hivyo, wamezoeana mpaka hawakuhitaji kuulizana lolote. Dada alipika, Fundi aliosha vyombo. Dada alisema, Fundi alisikiliza. Watu walidhani Fundi ni mkimya wa kuzaliwa, kumbe alikosa tu nafasi ya kupenyeza neno.

Kila mwaka shule zilipofungwa kwa ajili ya Krismasi, Dada alivaa aproni ya mdogo wake, akashuka karakanani na kuanza kupekua masalia. Mapambo ya dukani hakutaka hata kuyaona. Alisema yanang'aa kama meno ya bandia. Nyumba yao ilipambwa kwa vile vilivyobaki kwenye makochi ya watu: vipande vya gunia, kamba za katani, vifungo vilivyovikwa kitambaa, vijiti kutoka kwenye viti vilivyokufa. Tawi kavu lilisimamishwa kwenye ndoo ya mawe, likawa mti wao. Makopo matupu yalitobolewa kwa msumari, na ukiwasha mshumaa ndani ukuta wote ulijaa vitone vya mwanga. Shada la mlangoni lilikuwa la vipande vya gunia vilivyofungwa kwenye duara la waya, kimoja baada ya kingine, vikibanana mpaka likafura kama kuku aliyechokozwa. Na dirishani, upande wa barabara, palining'inia nyota ya vijiti, pana kama gurudumu la baiskeli.

Katika shughuli hiyo Dada alikuwa kichwa na Fundi alikuwa mikono. "Shika hapa," Dada alisema. "Si hapo, hapa. Sasa usipumue." Naye Fundi alishika, akaacha kupumua mpaka fundo likazwe.

Sasa mwaka huo alitokea mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, mgane, aliyekuwa akiishi kwa muda kwa ndugu yake pale mtaani wakati nyumba yake ikimaliziwa kujengwa katika mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa basi. Alileta makochi matatu yavikwe upya, na baada ya hapo hakukauka karakanani. Leo amekuja kutazama sponji, kesho amekuja kuuliza habari ya miguu. Makochi yale yalikaguliwa kuliko lori linalovuka mpaka.

"Huyu mzee atanitia wazimu," Fundi alimwambia dada yake. "Leo ameniuliza kama kitambaa kimekauka. Kitambaa gani kinakauka, Dada? Kwani nimekifua?"

Dada alicheka huku akitazama pembeni, na hapo Fundi hakushtuka. Hakushtuka hata alipoona Dada, ambaye kwa miaka yote alimpigia kelele kutoka juu kwamba chai iko tayari, sasa anaishusha mwenyewe kwenye sinia, vikombe vitatu. Alikuja kuelewa siku Dada aliposhuka na sinia, akakaa kwenye moja ya yale makochi karibu na yule mzee, na wote wawili wakamtazama kama watoto waliovunja kitu.

Walifunga ndoa kanisani bila makuu. Dada alikuwa na miaka hamsini na minane, akavaa gauni la rangi ya maziwa, akasema akivaa shela atafanana na kochi lililofunikwa vumbi lisiingie. Baada ya wiki chache lori liliegeshwa mbele ya nyumba. Makochi matatu, yamevikwa kitambaa cha kijani kwa mikono ya Fundi mwenyewe, yalipakiwa nyuma, na Dada akapanda mbele na mumewe. Fundi alisimama mlangoni akipunga mkono, akitabasamu mpaka mashavu yakamwuma.

Miezi iliyofuata alijikaza. Kazi ilikuwepo, na mchana kelele za nyundo zilimtosha. Taabu ilianza jioni, alipofunga karakana na kukuta hana mtu anayemngoja juu. Alianza kula hukohuko chini, sahani ikiwa kwenye kona ya meza ya kazi kati ya mikasi na misumari, kisha anapanda moja kwa moja kulala. Sebule ikakaa wiki nzima bila kukaliwa. Mlango wa chumba cha Dada aliufunga, si kwa sababu yoyote, aliufunga tu, kisha akashindwa kuufungua. Wakati mwingine alimaliza siku nzima bila kusema neno lolote ambalo halikuhusu kochi, na akikohoa alishangaa kusikia sauti yake.

Kila Jumapili Dada alipiga simu.

"Unaendeleaje, mdogo wangu?"

"Vizuri tu."

"Nyumba je?"

"Ipo."

Kisha Dada aliendelea kusimulia habari za huko, bustani ya shemeji, majirani wapya, bomba linalovuja, na Fundi alisikiliza kama alivyosikiliza siku zote. Tofauti ni kwamba sasa simu ilifika mahali ikakatwa.

Mwanzoni mwa Desemba Dada alipiga siku isiyo ya Jumapili.

"Nina jambo la kukwambia," alisema. "Watoto wa shemeji yako wanakuja Krismasi, wote, na wajukuu. Hawajakusanyika tangu mama yao afariki. Siwezi kuwaacha nikaja huko."

"Huwezi, ndiyo."

"Njoo wewe huku. Tutabanana kama njiti za kiberiti, lakini njoo."

Fundi alisikia neno "lakini", akalishika hilo, mengine yote akayaacha yapite. "Nina kazi nyingi," alisema. "Kuna kiti cha mtu lazima kiishe kabla ya sikukuu."

"Hujakasirika?"

"Nikasirike kwa lipi?"

"Basi sawa," alisema Dada, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyetua mzigo.

Fundi aliweka simu mezani akabaki ameishika nyundo bila kujua alitaka kugonga nini. Kiti cha mtu kilikuwepo kweli, lakini ni kimoja tu, na kingeisha kwa siku tatu. Akaamua hapohapo kwamba mwaka huo hatapamba. Apambe ili nani aone? Masalia aliyokuwa akiyaweka kando tangu mwanzo wa mwaka aliyasukuma kwa ufagio chini ya meza.

Mwenye kile kiti alikuwa mkunga mstaafu wa mtaa uleule, mama mrefu mwembamba aliyekula chumvi nyingi na aliyezalisha nusu ya watu wanaopita barabarani pale. Mumewe alikuwa amefariki mwaka huohuo. Kiti kilikuwa cha mumewe, chenye mgongo mrefu na mikono mipana, kitambaa kimechakaa mpaka nyuzi zinahesabika. Siku alipokileta alikuwa ametoa agizo ambalo Fundi hakuwahi kulisikia maishani.

"Badilisha kitambaa," alisema. "Badilisha na hizo kamba za chini, maana zimekatika. Lakini hilo bonde la katikati usiliguse."

"Bonde gani, mama?"

Mkunga akaonyesha kwa kidole. Sponji ilikuwa imedidimia pale mtu mmoja alipokaa miaka mingi, upande wa kulia umelala zaidi kuliko wa kushoto. "Alikuwa anaegemea upande huo," mkunga alisema. "Mguu wake mmoja ulikuwa unamsumbua."

Kazi ya Fundi siku zote ilikuwa kuyafuta mabonde. Mtu alileta kiti kilichobonyea akakichukua kimefura, ndiyo maana ya fundi. Sasa ilimbidi aivue ile sponji kuukuu kama mtu anayembeba mtoto aliyelala, aipe msingi mpya chini, airudishe palepale ilipokuwa, kisha akivishe kiti kitambaa bila kukivuta sana wala kukilegeza sana. Alikiharibu mara mbili, akakitoa, akaanza upya.

Mkunga alipopita kuona kazi inaendaje, alisimama mlangoni akaangalia juu kwenye dirisha, akaangalia ndani.

"Mwaka huu hamjaweka ile nyota," alisema.

"Bado, mama. Tutaweka," Fundi alijibu. Neno "tutaweka" lilimtoka lenyewe, kama mtu mwenye watu ndani.

"Nilipokuwa natoka zamu ya jioni nimechoka, macho hayaoni vizuri, nilikuwa naitafuta hiyo. Nikiiona najua nimefika." Mkunga alirekebisha kanga mabegani. "Hata mzee wangu alikuwa anauliza: Wale dada wawili wameshaweka nyota?"

Basi uongo ule ukamfunga. Huwezi kumwambia mama kama yule kwamba utaweka halafu usiweke. Jumamosi iliyofuata Fundi alifunga karakana mapema, akapiga magoti chini ya meza na kuanza kuvuta vile vipande vya gunia.

Alianza na shada, na hapo ndipo alipogundua kwamba shada lile ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakamata waya na kukishika kipande, mwingine anazungusha kamba na kukaza. Alijaribu kulibana kati ya magoti, likateleza. Alijaribu kushika ncha ya kamba kwa meno, akapata ladha ya katani mdomoni na fundo likalegea. Mwishowe aliubana ule waya kwenye jiriwa la kazi, kile chuma kizito cha kubania kilichofungwa mezani tangu enzi za baba yake. Jiriwa lilishika barabara. Halikutetemeka, halikulalamika, wala halikumwambia asipumue. Alifunga kipande baada ya kipande, akilizungusha duara kidogo kidogo na kulibana upya, na kazi iliyokuwa ikiisha kwa saa moja ya porojo ilimla mchana mzima. Katikati ya kazi alijikuta akiuliza kwa sauti, "Hapa niweke cheupe au cheusi?" Akanyamaza, akasubiri kidogo, kisha akaona aibu japo hakuna aliyemsikia.

Jambo jingine lilimshangaza zaidi. Hakujua anapenda nini. Miaka yote aliambiwa hiki hapa, kile pale, naye akaona vizuri. Sasa vitu vyote vilikuwa mezani na hakuna wa kusema. Katika masalia alikuta kipande cha mahameli mekundu kilichobaki alipovisha viti vya ukumbi wa sinema. Dada hakutaka nyekundu ndani ya nyumba. Alisema ni rangi inayopiga kelele. Fundi alikigeuzageuza, akakikata tepe ndefu, akazichomeka kwenye shada katikati ya gunia. Alisogea nyuma akatazama, akainamisha kichwa huku, akainamisha kule. Hakujua kama ni nzuri. Aliliacha hivyo.

Nyota nayo ilimtoa jasho. Akiwa ndani hakuweza kujua kama imekaa sawa, na akiwa barabarani hakuweza kuisogeza. Alipanda ngazi, akaisogeza, akashuka, akatazama, akapanda tena. Mara ya nne, fundi viatu wa ng'ambo ya barabara aliinua macho kutoka kwenye soli.

"Fundi, unafanya mazoezi?"

"Natazama kama imenyooka."

"Imelalia kushoto. Panda, nitakuelekeza." Na kwa sauti iliyosikika mtaa mzima akamwongoza, kulia kidogo, umepitiliza, rudi, hapohapo. Nyota ikakaa. Fundi alimshukuru kutoka dirishani, fundi viatu akainua mkono wenye nyundo, akarudi kwenye kazi yake. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote ya Fundi wiki ile.

Akapamba vilivyobaki siku zilizofuata. Alisimamisha tawi, akatundika vifungo, akapanga makopo kwenye kingo za sebule. Jioni alipowasha mishumaa, vitone vya mwanga vilitapakaa ukutani, mezani, juu ya mikono yake, na juu ya kiti kitupu upande wa pili. Alikaa akavitazama. Palikuwa pazuri, na ule uzuri ulimwumiza kuliko sebule ilipokuwa giza.

Siku mbili kabla ya Krismasi Dada alipiga simu, na nyuma ya sauti yake palikuwa na vicheko na miguu inayokimbia.

"Mdogo wangu, niokoe. Tunatengeneza shada na waya unajikunja kama nyoka. Ulikuwa unafanyaje kile kiungo?"

Fundi alimweleza. Unapitisha ncha mbili, unazisokota kwa koleo mara tatu, unazilaza kwa ndani zisichome mtu. Alikuwa akieleza vizuri tu, mpaka aliposikia sauti ya mtoto ikisema, "Bibi, ona langu." Na Dada, ambaye hakuwahi kuwa bibi wa mtu, akaitikia, "Nimeona, mpenzi, linapendeza."

"Dada," Fundi alisema.

"Enhe?"

"Umewafundisha na shada?"

"Wamelipenda ajabu. Nimetafuta magunia mji mzima. Mbona sauti yako hivyo?"

"Hilo shada lilikuwa letu."

Fundi alisikia mlango ukifungwa, kelele zikabaki nje yake, akajua Dada amejitenga chumbani.

"Uliniuliza kama nimekasirika," Fundi aliendelea, na sasa hakuweza kujizuia, maneno yalikuwa yakimtoka kama springi zilizokatika kamba. "Nimekasirika. Tangu ulipopanda lile lori. Nimekaa hapa nasema vizuri tu, vizuri tu, na si vizuri hata kidogo. Nakula chini na misumari. Chumba chako siwezi kukifungua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema saa ngapi? Umewahi kunyamaza?"

Dada alinyamaza.

"Mimi nilidhani nimekupumzisha," Dada alisema mwishowe, polepole. "Miaka yote nilikuwa nakuona unasikiliza tu, nikawa nasema moyoni huyu amechoka na kelele zangu. Nilipoondoka nikajiambia, sasa mdogo wangu atapata nafasi apumue."

"Mimi sikuomba kupumua, Dada."

Mlango ulifunguliwa tena, mtoto akaita. Dada alisema, "Nitakupigia," na simu ikakatwa. Siku hiyo hakupiga, wala siku ya pili yake. Fundi alikuwa na aibu, na chini ya aibu alikuwa mwepesi, na chini ya wepesi huo alikuwa na hofu kwamba ameharibu kitu ambacho hakina fundi.

Mchana wa mkesha wa Krismasi mkunga alikuja kuchukua kiti chake. Kilikuwa katikati ya karakana kimevikwa kitambaa cha kahawia. Mkunga alikizunguka, akainama, akapitisha kiganja pale katikati, taratibu, kama alivyopapasa matumbo ya wanawake kazini kwake. Kiganja kilishuka kwenye bonde, kikaenda kulia, kikasimama.

"Lipo," alisema.

"Lipo, mama. Kaa ujaribu."

"Ninaogopa. Nikikaa mimi nitalifuta la kwake."

"Huwezi kulifuta hata ukikaa kila siku mpaka Krismasi nyingine," Fundi alisema. "Na kiti kisipokaliwa panya wanaingia."

Mkunga akacheka kidogo puani, akakaa. Alikaa wima kwanza, kama mgeni, halafu mwili ukamwelekea wenyewe upande wa kulia. Akafumba macho. Fundi alijifanya anatafuta kitu kwenye droo mpaka alipomsikia akivuta pumzi na kujifuta uso.

Alimwomba apande juu wanywe chai. Mkunga alipanda zile ngazi akishikilia ukuta, akaingia sebuleni, akatazama tawi, makopo, vifungo. Alisimama muda mrefu mbele ya shada, ambalo Fundi alikuwa bado hajalishusha kulitundika mlangoni.

"Dada yako amekuja?"

"Hapana, mama. Hatakuja mwaka huu."

"Kumbe umeyafanya haya yote peke yako."

"Peke yangu."

"Basi una moyo. Mimi sikuweza hata kuwasha redio." Alikunywa chai yake polepole, na walizungumza habari za watu aliowazalisha, nani alizaliwa akiwa mkaidi na bado ni mkaidi. Alipoondoka vijana wawili wa jirani walimbebea kiti, naye akatangulia mbele akiwaelekeza wasikigonge. Fundi aliwatazama kutoka dirishani mpaka walipopinda.

Siku ya Krismasi alikwenda kanisani asubuhi, akasalimiwa na watu wengi ambao wote walikuwa wakiwahi kurudi nyumbani. Alipika, akatandika kitambaa kwenye meza ya sebuleni, akala akiwa amevaa gauni lake zuri. Chakula kilikuwa kitamu. Alipomaliza hakujua la kufanya, akaosha vyombo, akavifuta, akavipanga upya kabati zima, akahamisha sukari na vikombe kwenye rafu ya chini ambayo mtu mfupi anaifikia bila kupanda stuli. Dada alikuwa mrefu. Miaka yote Fundi alikuwa akipanda stuli.

Alasiri simu ililia.

"Nitakuja Januari," Dada alisema, bila salamu. "Hawa wakishaondoka. Nitakuja peke yangu. Usitoe mapambo, nataka kuyaona."

"Sawa."

"Na mengine tutaongea."

"Sawa, Dada. Krismasi njema."

Mapambo yakabaki. Watu wa mtaa waliyatoa ya kwao, mwaka mpya ukaingia, ukazeeka kidogo, na nyota ya Fundi bado ilikuwa dirishani. Fundi viatu alimuuliza kama ile ni Krismasi iliyopita au ijayo. Fundi alimjibu kwamba ni ya mgeni wake, amechelewa basi.

Dada alifika mchana wa jua kali, amenenepa kidogo, na viatu vipya. Walikumbatiana mlangoni kwa namna isiyokwisha vizuri, kila mmoja akimwachia mwenzake mapema mno halafu akimrudia. Kisha akaliona shada lililotundikwa mlangoni.

"Nani ameweka nyekundu?"

"Mimi."

Dada alilitazama. Midomo yake ilijikunja kama ilivyojikunja kila alipotaka kusema. "Inapiga kelele," alisema.

"Najua. Ilikuwa kimya mno humu."

Walipanda juu. Dada aliweka mfuko wake sebuleni, akaingia jikoni achemshe chai kama kawaida yake, akafungua kabati. Fundi alimsikia akifungua mlango mmoja, halafu wa pili.

"Sukari iko wapi?"

Lilikuwa swali dogo tu. Lakini katika nyumba ile Dada hakuwahi kuliuliza, na huko jikoni lazima naye alilisikia hivyo, kwa sababu hakuuliza tena. Alitoka akasimama mlangoni na kijiko mkononi, mgeni katika jiko alilopikia miaka thelathini.

"Nimeishusha chini," Fundi alisema. "Kaa, nitapika mimi."

Jioni ile waliwasha mishumaa ndani ya makopo. Dada alikaa kwenye kiti chake cha zamani akafanya jambo ambalo lilimtaabisha waziwazi: alinyamaza, akasubiri. Mwanzoni Fundi hakujua aanzie wapi. Akaanza na jiriwa, jinsi lilivyoshika ule waya. Dada alicheka mpaka akajishika mbavu, akasema kumbe nafasi yake ilichukuliwa na chuma. Kisha Fundi akaeleza juu ya kile kiti na bonde lake, na juu ya kula chini, na juu ya siku zisizo na neno. Alisema mengi kuliko aliyowahi kusema, vibaya na bila mpangilio, na Dada alifungua mdomo mara nyingi akaufunga.

"Mimi nina furaha kule," Dada alisema baadaye. "Sitakudanganya. Lakini asubuhi nikiamka, kabla sijafumbua macho, nasubiri kusikia nyundo yako."

Hilo halikuponya kitu. Fundi alilipokea tu.

Dada alikaa siku mbili. Siku ya kuondoka walitoa mapambo pamoja, mmoja kwenye stuli na mwingine chini akipokea, wakayafunga kwenye mfuko wa sponji. Wakiwa wamebakiza dakika chache Dada alifungua mlango wa chumba chake, akachungulia, akaufungua wazi kabisa.

"Vitambaa vyako vinaliwa na unyevu huko chini," alisema. "Vilete humu. Mimi nikija nitalala sebuleni. Mgeni hawekewi chumba mwaka mzima."

Fundi alitaka kukataa, lakini basi lilikuwa halisubiri. Alimsindikiza kituoni, akangoja mpaka lilipoondoka, akarudi kwa miguu. Karakanani alimkuta mteja mmoja amekaa kwenye ngazi ya mlango na stuli ya baa iliyochanika. Alimhudumia, akamwambia aje Ijumaa.

Kisha akachukua jora la kwanza la kitambaa begani akapanda nalo. Majora yalikuwa mengi na ngazi zilikuwa kali, ilimbidi apumzike katikati. Aliyapanga juu ya kitanda cha Dada, ya giza kwa ya giza, meupe kwa meupe, mpaka godoro halikuonekana. Chumba kilikuwa na joto la mahali palipofungwa muda mrefu. Alifungua dirisha, akasimama kidogo akisikiliza nyumba ilivyotulia, halafu akashuka kuitazama ile stuli.